Kazi Yangu Ilipotangazwa Gazetini

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa ofisini kwa Mzee Orville Tollefson, ameshasaini karatasi ya kunidhamini, nami nimeishika kalamu yake kwa furaha kama mtu aliyeshikwa mkono na bwana harusi. Wasomaji kadhaa wameniandikia kunipongeza. Asanteni sana. Mliwahi mno, kama nilivyowahi mimi.

Kwa aliyekosa sehemu za nyuma, nisimchoshe. Mimi ni Jigisha Parmar, mzaliwa wa Anand, jimbo la Gujarat nchini India, mji ambao karibu kila nyumba ina mtu anayeishi kwa maziwa. Nilikuja Marekani kusomea lishe ya ng'ombe, nikabaki kwa viza ya kazi ya miaka sita. Mwajiri wangu wa kwanza, kule Idaho, alisema atanidhamini nipate ukaazi wa kudumu. Alisema hivyo miaka miwili mfululizo, kisha kampuni ikafa na ahadi ikazikwa nayo. Wa pili alijaza fomu akaniandika mwanamume. Kabla kosa halijasahihishwa, akaamua hanihitaji tena, niwe mwanamume au mwanamke.

Wa tatu ndiye Mzee Orville, mwenye kinu cha kuchanganya chakula cha ng'ombe katika mji wa Lundby, Wisconsin. Kazi yangu kwake ni kuzunguka mashambani na kuwapangia ng'ombe wa watu mlo. Nilipofika kwake nilikuwa nimeshakula miaka minne na kidogo kati ya ile sita.

Siku mbili baada ya ile saini, wakili wetu alipiga simu kutoka Milwaukee. Anaitwa Pressman, ana sauti ya mtu aliyezoea kuwapa watu habari mbaya kwa adabu. Tulikuwa watatu ofisini: Mzee Orville, mimi, na Mama Darlene Kowalke, karani wa kinu, mwanamke wa miaka sitini na saba ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo.

Wakili akaeleza kwamba saini ya mzee ilikuwa mlango tu. Kabla serikali haijakubali kumpa mgeni kazi ya kudumu, mwajiri lazima aithibitishie Wizara ya Kazi kwamba hakuna Mmarekani anayeiweza kazi hiyo na yuko tayari kuifanya. Kwa hiyo itabidi itangazwe.

"Nitangaze kazi ipi?" Mzee Orville akauliza.

"Ya Jigisha."

"Jigisha yuko hapa, anakunywa chai."

"Ndiyo, mzee. Utaitangaza hivyo hivyo, naye akiwa anakunywa chai."

Ikawa hivyo. Tangazo litoke gazetini Jumapili mbili, libandikwe na ukutani pale pale kazini siku kumi za kazi. Akitokea Mmarekani mwenye sifa na akaitaka, ombi langu limekufa. Asipotokea, makaratasi yaende wizarani kabla ya Alhamisi ya kwanza ya Oktoba, maana ombi lisipoingia mwaka mzima kabla ya miaka sita kwisha, hakuna kuongezewa muda. Ningefunga virago.

Na hata likiingia, kwa sisi tuliozaliwa India, foleni ya ukaazi ni ndefu kiasi kwamba watu huzeekea ndani yake. Lakini aliye ndani ya foleni hafukuzwi. Mimi sikuwa naomba kufika mbele. Nilikuwa naomba kusimama mkiani.

Mama Darlene alilibandika tangazo juu ya mashine ya kahawa, mahali ambapo hata kipofu angelipapasa. Anahitajika mtaalamu wa lishe ya ng'ombe wa maziwa, mwenye shahada ya uzamili, aliye tayari kusafiri mashambani katika wilaya tatu. Nililisoma mara ya kwanza nikajiona nimesifiwa. Nililisoma mara ya pili nikajiona nimekufa na watu wanagawana nguo zangu.

"Jigisha," Mama Darlene akaniambia asubuhi ile, bila kuinua macho kutoka kwenye barua zake, "kuna kazi nzuri imetangazwa pale ukutani. Omba. Wanasema mwajiri ni mtu wa kanisa."

Wafugaji wakapokea hapo. Kila aliyekuja kuchukua pumba na mashudu alisimama mbele ya tangazo, akalisoma polepole kama anasoma Biblia, kisha akanigeukia kunipa pole. Delmar Vandenhoek, mwenye ng'ombe mia moja na themanini na maneno machache, aliuliza kama mbwa wake anaweza kuomba, kwa sababu amezaliwa Wisconsin na anawajua ng'ombe kwa majina. Mama Darlene akamjibu kwamba shahada ya uzamili ndiyo itakayomwangusha.

Nilimpigia mama yangu simu Anand nikamweleza. Akauliza swali ambalo hata wakili Pressman asingeweza kulijibu.

"Yaani mtu ametangaza kazi yako gazetini, na wewe unamshukuru?"

"Ndiyo, mama. Ananisaidia."

"Sawa, mwanangu. Na akikufukuza kabisa tumpelekee zawadi gani?"

Barua tatu zilikuja. Ya kwanza ilitoka kwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, aliyeona neno lishe akaishia hapo. Aliahidi kupunguza matumbo ya wafanyakazi wote wa kinu ndani ya wiki nane. Mzee Orville alijitazama tumbo, akaiweka kando kwa majonzi. Ya pili ilitoka kwa kijana aliyetaka kazi yoyote, alimradi asiamke kabla ya saa tatu. Wafugaji wetu saa tatu wameshakamua, wamekula na wameshagombana na wake zao.

Nilianza kulala vizuri. Nilianza hata kuchagua mapazia.

Ya tatu ilikuja Ijumaa. Mzee Orville hakuisoma kwa sauti. Alimpa Mama Darlene, naye akaisoma kimya, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Alipokosa la kunitania nikajua mambo yameharibika.

Aliyeandika aliitwa Marlys Engebretson. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na shahada ya uzamili kama yangu, ila yake ilipatikana mimi nikiwa sijazaliwa. Miaka ishirini na sita alikuwa mtaalamu wa lishe ya ng'ombe katika kampuni kubwa. Sasa alikuwa amerudi kuishi na mama yake mzee, mji wa tatu kutoka kwetu.

Mzee Orville aliniita pembeni, kwenye magunia. Aliongea akiwa anatazama kofia yake. Aliniambia kwamba atamwita huyo mama na kumsaili kwa haki, kwa sababu amesaini mbele ya serikali kwamba atafanya hivyo, na kwamba hajawahi kudanganya kwa saini yake, hata siku alipouza gari bovu. Alimwambia mnunuzi ni bovu.

"Ningekuwa na namna nyingine, binti, ningeitumia," akasema. Nilimwambia naelewa. Nilielewa kweli, na nilimchukia kidogo kwa kuwa mtu mwema.

Usaili ukapangwa Alhamisi saa nne asubuhi. Mimi nisiwepo kinuni siku hiyo, niende kwa Delmar, ambaye ng'ombe wake walikuwa wamepunguza maziwa wiki tatu mfululizo na mimi sijajua kwa nini. Nilikuwa nimekipigia hesabu chakula chao mpaka kalamu ikachoka. Kwenye karatasi, ng'ombe wale walikuwa wanakula kama wafalme.

Sasa nafika mahali ninapopaogopa. Nimekuwa nikiwaelezeni wiki hizi zote jinsi watu walivyonikosea, nanyi mkanionea huruma. Wiki hii aliyekosea ni mimi.

Alhamisi ile, kama saa tatu na nusu, nilikuwa kwenye pikapu ya kijani ya kinu, nimefika njia panda. Barabara kuu ilikuwa imefungwa, daraja linatengenezwa. Gari dogo la kijivu lilikuwa limesimama pembeni, na mwanamke mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi ameshusha kioo. Kwenye kiti cha pembeni palikuwa na jalada jipya na koti lililokunjwa vizuri sana. Mtu hakunji koti namna ile isipokuwa anakwenda kuomba kitu.

"Samahani, mwanangu. Kinu cha Tollefson ni upande gani? Simu imekosa mtandao tangu kule darajani."

Kinu kilikuwa nyuma yangu, mwendo wa dakika nne. Mnara wake ungeonekana pale pale tuliposimama, ila mahindi ya Septemba yalikuwa marefu kuliko magari yetu.

"Nyoosha," nikasema. "Ukifika kanisa la Kilutheri, kata kushoto. Ukishaishika barabara ile, usiiache."

Wilaya yetu ina makanisa ya Kilutheri mengi kuliko vituo vya mafuta. Na barabara niliyomwambia asiiache, mtu akiitii vizuri, asubuhi hiyo hiyo angenunua kahawa Minnesota, jimbo jingine kabisa.

Alinishukuru. Laiti angeishia hapo. Aliniambia amezunguka nusu saa, hakuna aliyesimama kumsaidia, na kwamba inatia moyo kukutana na kijana mwenye utu. Kisha akanyoosha, kama nilivyomwambia.

Sikupanga. Hivyo ndivyo nilivyojiambia hadi nafika kwa Delmar. Lakini mtu asiyepanga huwa hasemi vizuri kiasi kile, na mimi nilisema kwa ufasaha, hata mkono nikaunyoosha.

Kwa Delmar nilikuta ng'ombe wamesimama mbele ya hori, wamekula nusu na kususa nusu. Nikatoa karatasi zangu, nikazitazama bila kuona kitu. Nilitazama saa. Kichwani nilimwona yule mama akilipita kanisa la kwanza, la pili. Delmar aliniuliza mara mbili kama naumwa.

Saa nne na robo, gari dogo la kijivu likaingia uani.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Barabara niliyompa, kabla haijakwenda Minnesota, inazunguka na kupita nyuma ya shamba la Delmar.

Alishuka akiwa na vumbi hadi kwenye kola, akamwomba Delmar simu ya nyumbani, awaombe radhi watu wa kinuni kwa kuchelewa. Delmar, ambaye kwa wiki nzima huweza kusema maneno kumi, siku hiyo aliona ayatumie yote kwa pamoja. Alimwambia hakuna haja ya simu, amwulize tu huyu binti hapa, kwa kuwa huyu ndiye mtaalamu wa kinu cha Tollefson.

Yule mama akanigeukia. Akaitazama pikapu ya kijani, akanitazama tena.

"Kumbe," akasema.

Nilingoja matusi. Ningeyapokea kwa mikono miwili. Lakini macho yake yalikuwa yameshanipita, yametua kwenye hori. Akasogea, akachota chakula kwa kiganja, akakifikicha, akakinusa, akakiacha kianguke. Akachota kwingine. Kisha akachutama kwenye tope na viatu vyake vya usaili na kuwatazama ng'ombe wakila, kama mtu anayesikiliza mazungumzo.

"Wanachagua," akasema. "Tazama ulimi wa huyu. Anaokota nafaka, anasukuma mabua. Mashine yako ya kuchanganyia, visu vyake umevinoa lini?"

Delmar alifikiri. Alisema labda kabla ya mvua za mwaka juzi.

"Basi mabua hayakatiki. Wenye nguvu wanakula nafaka tupu, wanyonge wanabakiziwa makapi, wote wanaumwa tumbo." Akainuka, akaipokea karatasi yangu, akaisoma mpaka chini. "Hesabu yako ni nzuri. Nzuri kuliko yangu. Ila ng'ombe hawasomi karatasi, mwanangu."

Wiki tatu nilikuwa nimelitafuta lile tatizo kwenye kikokotoo, nalo lilikuwa kwenye visu butu. Nikajua kwa hakika kwamba mwanamke huyu ni bora kuliko mimi, na kwamba ndiye niliyempeleka Minnesota.

Delmar alikwenda kutazama visu. Tukabaki wawili, na ng'ombe.

"Nafasi iliyotangazwa ni ya kwako," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikamweleza yote. Wizara, tangazo, ile miaka sita, Idaho, hadi fomu iliyoniandika mwanamume. Nilitaka kuishia kwenye kuonewa, lakini mdomo ukaendelea wenyewe ukasema na la njia panda: kwamba nilimjua tangu alipouliza, kwamba koti lake ndilo lililonijulisha, kwamba kinu kilikuwa dakika nne nyuma yangu.

Nilipomaliza, akaniambia ya kwake. Kampuni yake ilimwachisha kazi mwezi Machi, kwa simu ya dakika tano, na kijana aliyempigia alilikosea jina lake. Tangu hapo ameomba kazi kumi na moja. Kwenye umri wake, alisema, watu huisifu barua yako kisha hawapigi simu. Kwetu tu ndiko walikomwita.

"Kwa hiyo nilipopotea leo," akasema, "nilidhani hata barabara zimenikataa."

Nilikuwa na thepla zangu kwenye kitambaa, zile chapati za majani ya uwatu, na achari ya embe aliyonitumia mama. Nikampa moja. Ni jambo la kipuuzi kumpa chapati mtu uliyemdhulumu, lakini nilikuwa sina kingine. Akaila yote, akaomba na achari.

Saa nne na dakika hamsini nikafungua mlango wa pikapu. "Nifuate," nikamwambia. "Safari hii usiniache."

"Na wewe safari hii usinipoteze."

Nikaendesha polepole, namtazama kwenye kioo kila kona. Kila mita niliyokwenda nilikuwa naivuta mwenyewe kamba iliyo shingoni mwangu, na cha ajabu, kifua kilikuwa chepesi kuliko wiki nzima iliyopita.

Mama Darlene alituona kupitia dirishani. Nimemfahamu mwanamke yule kwa karibu mwaka, na sijawahi kumwona mdomo wazi bila neno kutoka. Nilimwambia Mzee Orville kwamba nilimkuta mgeni wake amepotea nikamleta. Ilikuwa kweli. Ilikuwa nusu, na nusu ya ukweli ni kama nusu ya daraja. Marlys alisimama pembeni yangu, akanisikia, akakunjua koti lake akalivaa.

Nikarudi kwa Delmar kunoa visu. Usaili ulichukua saa moja na nusu. Baadaye Mama Darlene alinisimulia kwamba mzee alijitahidi kutafuta kasoro moja tu, ya haki, akaikosa. Alimpa Marlys barua ya kumpa kazi. Marlys akaomba mpaka Jumatatu afikiri.

Siku zile nne sitazisahau. Ijumaa nilikwenda kwenye mgahawa ambako mji mzima hula samaki kila Ijumaa jioni, wao na samaki wao, mimi nisiyekula nyama na jibini yangu ya kukaanga. Hakuna aliyenitania. Delmar alinivutia kiti. Mchungaji aliniuliza habari za mama yangu kwa sauti ya hospitali. Watu wa Lundby wakiacha kukutania, ujue wameshaanza kukuzika.

Nilikunja mapazia mapya nikayarudisha kwenye mfuko wake.

Jumatatu barua ikaletwa kwa mkono. Mzee Orville aliifungua kwa kisu cha kukatia magunia, akaisoma amesimama, kisha akaketi. Marlys Engebretson alishukuru kwa heshima kubwa na kuikataa kazi.

Sababu ilikuwa Delmar. Maziwa yake yalikuwa yamepanda ndani ya siku tatu, naye, mtu wa maneno kumi, akatembea kwa majirani akiyatumia yote. Kufikia Jumapili, wafugaji sita walikuwa wameshamwomba Marlys awe mshauri wao binafsi. Angefanya kazi akitokea nyumbani, karibu na mama yake, na hakuna kijana angempigia simu ya dakika tano.

Mama Darlene alinikumbatia hadi miwani ikapinda. Kisha akanisukuma, akasema kweli kazi haikupata mtu wa maana, itabidi wavumilie na mimi. Akatoa keki ya tufaha kutoka kwenye droo ya mafaili. Aliioka Jumapili usiku na alikataa kusema kama ilikuwa ya arusi au ya matanga.

Tukampigia wakili Pressman. Simu ikawekwa katikati ya meza, sauti juu, sote watatu tumeizunguka na visahani vyetu. Alifurahi kwa namna yake, alisema vizuri mara mbili. Akataka barua isomwe yote, kwa sababu itaingia kwenye jalada, na makaratasi yawe wizarani kabla ya Alhamisi. Zilibaki siku tatu.

Mzee Orville akasoma. Aya ya kwanza, shukrani. Aya ya pili, sababu. Akafika ya mwisho, ambayo mwanzoni, kwa furaha, alikuwa hajaifikia.

"'Mwambieni yule binti wa pikapu ya kijani,'" akasoma, na sauti yake ikaanza kupungua mwendo, "'aliyenipoteza kwa makusudi kisha akanirudisha mwenyewe, kwamba nilishamsamehe kabla sijafika mlangoni kwenu. Asingenipoteza, nisingefika kwa Delmar.'"

Hakuna aliyemeza keki.

Kichwani nilimwona Marlys jikoni kwa mama yake, akiandika mstari ule kwa moyo mweupe kabisa, akidhani ananipa zawadi.

"Rudia hapo," wakili akasema.

Mzee akarudia. Wakili akaeleza kwa ile sauti yake ya adabu. Mwombaji aliyepotezwa njia na mtu wa kinu, tena kwa makusudi, hajapewa nafasi ya haki. Barua ile haiwezi kutupwa wala kukatwa mstari. Ikiwa aliyefanya hivyo ni yule anayeombewa ukaazi, hakuna ombi, tena Orville ndiye aliyesaini kwa kiapo kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Ikiwa ni mtu mwingine, kwa uzembe wake, pengine linaelezeka.

"Kwa hiyo nauliza swali moja," akasema. "Binti wa pikapu ya kijani ni nani?"

Mzee Orville aliinua kichwa akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kuambiwa kwamba gari alilonunua si bovu.

Nilifungua mdomo.

"Ni mimi," akasema Mama Darlene.

"Wewe ni nani?"

"Darlene Kowalke, karani. Pikapu ile mimi huiendesha kila asubuhi kwenda posta. Nilimwelekeza vibaya mama wa watu. Sikuwa nimevaa miwani."

"Barua inasema kwa makusudi. Na inasema binti."

"Kwa makusudi, ni kwamba sipendi watu wanaonisimamisha barabarani. Binti, ni kwamba Marlys ni mtu mwenye adabu."

Wakili hakucheka. Alisema ikiwa ni hivyo, Bibi Kowalke aandike maelezo yake sasa hivi, kwa mkono wake, ayasaini kwa kiapo, na ayasome kwenye simu akimaliza. Atangoja.

Mzee Orville aliangalia kofia yake. Yeye anajua ni nani aliyekuwa na pikapu Alhamisi ile, maana funguo alinikabidhi mwenyewe.

Mama Darlene akasogeza keki, akavuta karatasi nyeupe, akavaa ile miwani iliyopinda. Mwanamke huyu ana miaka thelathini na nne kwenye kinu kile, ana wajukuu saba, na hajawahi kupata hata faini ya kuegesha gari. Akaandika tarehe. Chini yake akaandika, kwa herufi zake nzuri za shuleni, *Mimi, Darlene Kowalke, naapa ya kwamba*.

"Mama Darlene," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Nyamaza, mwanangu. Naandika."

Na simu ilikuwa bado wazi.